Kibao cha Milioni Moja Kikihama, Gari Linabaki na Nini?

Mnunuzi akiingia yadi ya magari hapa Nakuru, swali lake la kwanza kwa kawaida haligusi injini. Huuliza, "Hii ni namba gani?" Akijibiwa kwamba ni namba D, yaani kibao kinachoanza na KD, husogea karibu na kuanza kupapasa rangi. Akisikia ni namba B, hukumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri mjini. Madalali wanalijua hilo, ndiyo maana tangazo la gari kwenye simu huanza na herufi tatu, KDG au KCX, na jina la gari lenyewe hufuata baadaye.

Kibao cha nambari kimegeuka kuwa bei, umri na sifa ya gari kwa pamoja. Kwa upande wa umri kinadanganya sana. Nambari zetu hutolewa kwa mfululizo: kila kundi la herufi tatu hubeba magari 24,000 kasoro kidogo, yaani 001 hadi 999 mara herufi 24 za mwisho, kwa kuwa I na O hazitumiki zisije zikachanganywa na 1 na 0. Kundi likijaa, zamu huhamia linalofuata. Kinachohesabiwa hapo ni siku gari liliposajiliwa Kenya. Siku lilipotoka kiwandani ni habari nyingine. Tunaruhusiwa kuingiza gari la mtumba lisilozidi miaka 8, kwa hiyo Toyota Probox yenye KDG inaweza kuwa kongwe kuliko gari la KCU ambalo mwenyewe alilinunua likiwa jipya. Lakini nenda ukamweleze hayo mnunuzi aliyekwisha kuipenda herufi D.

Juu ya foleni hii yote wapo wanaoiruka. Ada inayojulikana kwa miaka mingi ya kibao chenye jina au neno la kujichagulia ni shilingi milioni moja. Ukilipa, KDG yako inatoweka na mahali pake linakaa jina lako, la kampuni yako au la utani uliopewa chuoni. Mjadala wa jambo hili huishia kwenye wivu: huyu ana pesa za kuchezea, yule angejenga darasa kule kwao. Mimi sina ugomvi na jina la mtu. Pale Kisumu, kijana wa boda boda huandika jina la mtoto wake kwenye kizuia tope bila kulipa hata shilingi, na hakuna anayemlaumu. Anayetaka kulipa milioni kwa raha hiyo hiyo alipe, serikali ipate chake.

Ninachotaka kukijadili ni siku anapochoka na gari.

Gari huchakaa, hugongwa, huuzwa. Aliyelipia jina milioni moja hatakubali liondoke pamoja na gari la miaka kumi lililoanza kumwaga mafuta. Atataka kulihamishia gari jipya, na kwa haki, maana alichonunua ni jina, wala halikuchongwa kwenye bati. Hapo maswali mawili huzaliwa kwa pamoja. Gari jipya linapovaa jina la zamani, ni nani atakayejua kwamba ni gari tofauti? Na gari la zamani lililovuliwa jina lake, linaingia barabarani likiwa nani?

Waingereza wamelijibu hili kwa muda mrefu, na majibu yao yanafaa kutazamwa kabla ya kutunga yetu. Idara yao ya leseni na usajili, DVLA, iliyoko Swansea, imekuwa ikiuza nambari za kujichagulia tangu 1989. Watu wamezilipia pesa za kushangaza: mwaka 2014 nambari "25 O" ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni 500,000. (Dubai waliwapita mbali, mwaka 2023 kibao "P 7" kilifika dirhamu milioni 55 kwenye mnada, ingawa pesa hizo zilikwenda kulisha wenye njaa.) Lakini kuhamisha nambari kutoka gari moja hadi jingine huko Uingereza kunagharimu pauni 80 tu, karibu shilingi 14,000 za kwetu. Dereva wa kawaida anaweza kuimudu ada hiyo, na wengi hufanya hivyo.

Ukiangalia namna wanavyofanya, utaona kwamba pesa ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Kwanza, aliyelipa hamiliki nambari. Amepewa haki ya kuivalisha gari, na haki hiyo ina cheti chake chenye muda wa miaka 10 unaoweza kuongezwa. Pili, nambari haiwezi kulifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Kwao tarakimu za kibao hutaja mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo huwezi kubandika kibao cha 2024 kwenye gari la 2012. Unaruhusiwa kulizeesha ukitaka, kulifanya kijana ni marufuku. Tatu, gari lenyewe lazima liwepo: liwe limesajiliwa, liweze kutembea kwa nguvu zake, na likitakiwa kukaguliwa lipelekwe. Nambari haihamishwi kutoka kwenye mzoga uliolala nyuma ya gereji. Na nne, ambalo kwangu ndilo kubwa, gari likivuliwa nambari ya kifahari kwa kawaida hurudishiwa ile lililozaliwa nayo. Halibaki uchi, na wala halipewi utambulisho mpya wa kulianzishia maisha mapya.

Ukiuza gari kabla ya kuondoa jina lako, jina limekwenda na gari. Hakuna kurudi kwa mnunuzi na hadithi.

Marekani wamekwenda mbali zaidi. Katika majimbo kadhaa, New York na Florida yakiwemo, hata kibao cha kawaida ni cha mtu. Ukiuza gari unafungua skrubu, unaondoka na kibao chako, na mnunuzi anatafuta chake. Mkenya akisikia hivyo hudhani ni nchi isiyo na utaratibu. Utaratibu upo, ila umewekwa mahali pengine. Tangu 1981 kila gari la huko lina nambari ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, na inasomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Polisi, kampuni ya bima na mnunuzi wote husoma hiyo. Kibao ni cha kumtambua anayelipia barabara. Gari lenyewe linatambuliwa kwa tarakimu zake 17.

Sasa rudi Kenya. Sehemu kubwa ya magari yetu ya mtumba yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na magari hayo hayana zile tarakimu 17. Yana nambari fupi ya chasisi, kwa mfano NCP51 ikifuatwa na tarakimu saba ukiwa na Probox ya zamani. Imepigwa kwenye chuma chini ya boneti, au pengine chini ya kiti, kutegemea muundo wa gari. Afisa wa trafiki aliyesimama juani pale Salgaa, foleni ya malori imemkazia macho, hatafungua boneti ya kila gari asugue vumbi ili asome chuma. Atasoma kibao. Karani wa maegesho kwenye Barabara ya Kenyatta anaingiza kibao kwenye simu yake. Anayelipia maegesho Kisumu anaandika kibao. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit imepangwa kuwa ya kulipia, na itakapoanza kutoza, kitu cha kwanza ambacho mitambo itakitafuta kwenye gari ni kibao.

Kwa hiyo kwetu kibao kimebeba mzigo wote ambao kwingine umegawanywa. Hili ndilo linalonifanya nisite ninaposikia watu wakisema tuige Uingereza na kufungua soko la nambari zinazohama. Tunaweza kuiga ada kwa siku moja. Kinachochukua miaka kujengwa ni rejista inayolijua gari hata likiwa halina kibao.

Chukua mfano wa Kondele, mtaa wa Kisumu. Mama anayeuza samaki anagongwa na gari jioni, dereva hasimami. Walioona wanakumbuka kitu kimoja tu, kile kibao, labda kwa sababu kilikuwa jina lisilosahaulika. Mama analazwa, anapona kwa taabu, na mwaka mmoja na nusu baadaye anapata wakili. Sheria ya ukomo wa madai inampa miaka 3 ya kufungua kesi ya aina hiyo, kwa hiyo yuko ndani ya muda. Wakili anaomba nakala ya rekodi kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari. Rekodi inamwonyesha gari linalovaa jina hilo leo. Lakini leo jina liko kwenye gari jeupe lililotoka bandarini miezi sita iliyopita, na mama aligongwa na gari jeusi.

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema kwamba yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atachukuliwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Mahakama zetu, Kisumu na kwingineko, zimejaa kesi zinazogeuka juu ya sentensi hiyo moja: fulani aliuza gari, mnunuzi hakubadilisha logibuku (hati ya usajili wa gari), likagonga mtu, na muuzaji akaletewa hati za kesi akiwa amekwisha kula pesa zake zamani. Kifungu hicho kilitungwa kwa nchi ambamo nambari na gari ni kitu kimoja tangu bandarini hadi kwa wauza vyuma chakavu. Ukiruhusu nambari itembee, swali la wakili linabadilika. Halitakuwa tena "gari hili ni la nani?" Litakuwa "tarehe 14 mwezi ule, saa moja jioni, nambari hii ilikuwa juu ya gari gani?" Rejista isiyoweza kujibu swali lenye tarehe ndani yake haijawa tayari kwa nambari zinazohama, hata kama ada yake ni milioni kumi.

Na tukisema kweli, kuhamisha nambari tayari kunafanyika nchini humu. Kunafanyika usiku. Gari linapata ajali mbaya, bima inamlipa mwenyewe, mabaki yanauzwa. Kwenye mabaki hayo vyuma ni vya thamani ndogo. Kilicho na thamani ni logibuku na vibao viwili. Anayevinunua anatafuta gari la aina hiyo hiyo na rangi hiyo hiyo, ambalo limeibwa mahali, kisha kipande cha chuma chenye nambari ya chasisi kinakatwa na kuchomelewa upya. Baada ya wiki gari lililokufa limefufuka na lina karatasi safi. Watu wa gereji wanaijua kazi hii vizuri, ingawa hakuna atakayekwambia amewahi kuifanya. Kila mara ni fundi wa mtaa mwingine.

Kuna na njia ya mkato zaidi: kutengeneza kibao kinachofanana na cha gari la mtu mwingine. Baada ya shambulio la kigaidi kwenye hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi mnamo Januari 2019, suala la magari mawili kutumia nambari moja lilitoka kwenye gumzo la mafundi likawa suala la usalama wa taifa. Agosti 2022 serikali ilizindua vibao vya kizazi kipya, vyenye bendera na alama za usalama zilizo ngumu kuigwa, vinavyotengenezwa katika gereza la Kamiti, kwa bei ya shilingi 3,000. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini kibao kigumu kuigwa kinazuia bandia tu. Hakizuii kibao halali kufunguliwa kwa bisibisi na kufungwa kwenye gari lisilo lake, na bisibisi inauzwa shilingi mia moja kila duka la vifaa.

Wapo watakaosema: basi piga marufuku kabisa, nambari ife na gari lake. Nawaelewa, na kwa muda nilikuwa upande huo. Kilichonivuta huku ni zile Peugeot 504. Magharibi yote ya nchi hii ilisafiri kwa 504, kutoka Nairobi hadi Kisumu, Busia, Kakamega, watu wamebanana na mizigo juu. Zipo familia ambazo nambari ya gari la baba, zile za zamani zilizokuwa na herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, ni sehemu ya ukoo wao. Gari limeoza nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake, lakini watoto wote wanaikariri nambari. Mtoto aliyefanikiwa akitaka kuivalisha gari lake nambari ya baba, nitamwambia nini? Kwamba hiyo ni anasa? Sioni ubaya wowote, mradi yeyote anayelitafuta gari hilo kwenye rejista aambiwe ukweli mzima. Na pia nambari ya zamani haitaji umri wa kumdanganya mtu. Italizeesha tu gari lake. Mtihani wa Waingereza anaupita bila shida.

Shida iko kwa yule wa upande wa pili, anayetaka kuficha namba B chini ya jina. Niliposema mnunuzi wa yadini hulipia herufi, hicho ndicho kipato kilichomo ndani ya kibao cha jina ambacho watu hawakitaji. Gari la KBZ likivaa jina la mtu halina tena umri hadharani. Likivuliwa jina siku ya kuuzwa, lazima lirudi kuwa KBZ, ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Likipewa nambari ya siku hiyo, muuzaji atakuwa ameongezewa thamani ya gari na ofisi ya umma, na mnunuzi mgeni wa mambo atalipa tofauti. Hapa sitaki hata majadiliano. Nambari ya kuzaliwa ihifadhiwe, isitolewe kwa gari jingine, ingoje.

Hivyo kazi ya kwanza ni rejista, na mengi yake hayahitaji sheria mpya. Huduma za usajili zimehamishiwa kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, na logibuku ina nambari ya chasisi tayari. Kinachotakiwa ni kwamba chasisi iwe ndiyo mlango wa kuingilia: uweke nambari ya chasisi, upate kila kibao ambacho gari hilo limewahi kuvaa, kuanzia tarehe gani hadi gani. Kisha upande wa pili uwe wazi pia, uweke kibao na tarehe upate gari. Cheti cha bima kibebe chasisi kwa maandishi yanayosomeka bila miwani, na bima ya gari lililohamishiwa jina isitishwe hadi kampuni ijulishwe, maana bima iliyoandikwa kwa kibao kilichokwisha kuondoka ni karatasi tu. Na magari ya nambari za majina yakaguliwe chasisi kwa macho kabla ya kila uhamisho. Ni machache; wakaguzi wapo; mwenye milioni ana dereva wa kulipeleka gari.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze bei, na hapa nadhani tumepiga hesabu vibaya. Milioni moja inayolipwa mara moja ni kubwa mno kwa mtoto wa mwenye 504 na ndogo mno kwa tajiri atakayetembea na jina lile miaka 30. Tanzania jina hulipiwa kila baada ya miaka mitatu. Ada ilipandishwa kutoka shilingi zao milioni 5 hadi milioni 10 mwaka 2016. Mpango huo una akili ndani yake, kwa sababu kila baada ya miaka mitatu mwenye jina analazimika kurudi ofisini na serikali inapata nafasi ya kuuliza, "Liko juu ya gari gani sasa?" Sisi tungeweza kuishusha ada ya kuanzia, tukatoza upya kila miaka kadhaa, na uhamisho wenyewe tukauweka kwa bei ya kawaida kama ya Waingereza. Uhamisho halali ukiwa ghali kupita kiasi, tunamrudisha mtu kwa bisibisi.

Ikitokea sasa hivi, kabla ya hayo yote, kwamba unauziwa gari ambalo ulilijua mjini kwa jina na leo limesimama mbele yako na nambari ya kawaida, usitosheke na kuitafuta nambari hiyo mtandaoni. Mwambie muuzaji afungue boneti. Linganisha chuma na logibuku, tarakimu moja moja, tazama kama kuna alama za kuchomelea au rangi mpya kuzunguka nambari, kisha uombe kuonyeshwa nambari ambayo gari lilikuwa nayo kabla ya jina. Muuzaji akikwambia gari hilo halikuwahi kuwa na nambari nyingine, likiwa ni la mtumba la mwaka 2011, mwachie gari lake.